Jogoo wa Kwaresima

Kwenye treni ya kwenda Itigi nilikaa mkabala na bibi aliyempakata jogoo mwekundu. Kamba ya mguu wa jogoo alikuwa ameizungusha mkononi. Mchuuzi wa mitumba aliyekaa kando yake akamwambia, "Shikamoo, bibi. Huyu bei gani?"

"Marahaba. Hauzwi. Nawapelekea masista wagonjwa wao wapate mchuzi. Padri kasema Kwaresima hii tuachilie tunachokipenda."

"Si ungeacha nyama tu?"

"Nyama iliniacha yenyewe, pamoja na meno."

Mchuuzi akacheka. Jogoo akamtazama kama mtu asiyependa utani. "Sasa alfajiri utaamshwa na nani?"

"Ndilo hilo, mwanangu. Huyu huwika saa ileile aliyokuwa akiamka marehemu mzee wangu."

"Siku hizi saa za kengele zimejaa madukani, bibi."

"Saa ya kengele nitaitupia mtama?"

  Treni ikasimama Itigi. Mchuuzi akanyoosha mikono ampokee jogoo: "Lete nikushushie."

"Wewe tangulia, nakuja," bibi akasema, akaizungusha kamba mkononi mara nyingine.