Bibi wa Mwaka wa Simbamarara

Aliyemwambia Peiru habari za simbamarara kwa mara ya kwanza alikuwa Shangazi Ahui, muuza tofu. Alimwambia huku akikata tofu, bila kuinua macho, kama mtu anayesema leo kuna mawingu.

— Mama mkwe wako ni wa mwaka wa Simbamarara. Watu wa mwaka huo hawaingii chumba cha mzazi. Kwenu hamkuambiana?

Peiru alipokea tofu yake, akashukuru, akarudi nyumbani. Hakuuliza kitu. Yeye si mtu wa kuuliza.

Huenda neno lile lingeishia kwenye bakuli la tofu kama Shangazi Ahui asingelifikisha kijiweni. Kijiwe chenyewe kipo pale kichochoro kinapopinda, mbele ya banda la fundi baiskeli, karibu kabisa na mlango wa Peiru. Ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, birika, jiko dogo la umeme, na vikombe vitatu vidogo kama maganda ya mayai ya njiwa. Vikombe ni vitatu hata watu wakiwa wanane. Anayekunywa humpisha anayesubiri, na anayesubiri ndiye anayezungumza, ndiyo maana maneno hayaishi. Mmiminaji ni fundi mwenyewe, ambaye watu wamemsahau jina na kumwita Mnyororo. Pembeni yake hukaa Mzee Dira. Huyu ujana wake wote alimbebea mfuko mtaalamu wa kupima nyumba na makaburi, na mtaalamu alipokufa akabaki na dira yake ya mbao, akabaki pia na ujasiri wake. Wa tatu ni Redio, kondakta mstaafu, ambaye hakuna aliyewahi kuona mahali anapozimiwa.

Peiru huketi kwenye kigoda ndani kidogo ya mlango wake, akishona shanga kwenye magauni ya maharusi, mtoto akiwa kwenye susu kando yake. Husikia kila kitu na hasemi kitu. Na mtoto wake, Muyu, alikuwa analia. Alianza mwezi wa pili tangu azaliwe: jua likishaanza kuelekea magharibi anakunja miguu tumboni, anakuwa mwekundu, analia mpaka watu wanawasha taa. Kilio kile kikawa mali ya mtaa mzima, na kijiwe kikakichukua kama kesi yake.

Kwanza walisema ni kitanda. Mzee Dira alisema miguu ya kitanda inaelekea mlangoni, na anayelazwa hivyo ni maiti. Peiru akakisogeza kitanda. Mtoto akalia. Wakasema kioo cha kabati kinamtazama mtoto akilala. Peiru akakifunika kwa shuka. Mtoto akalia. Wakasema pembe ya paa la jirani imelenga dirisha kama kisu. Peiru akatundika kijioo kidogo nje, kisu kimrudie mwenyewe. Mtoto akalia.

Ndipo Shangazi Ahui alipoleta neno lake. Mzee Dira alihesabu kwa vifundo vya vidole. Mtoto ni wa mwaka wa Nyani, bibi ni wa Simbamarara. Kwenye duara la miaka wanyama hao wawili wanatazamana uso kwa uso, hakuna anayempisha mwenzake. Redio alisema nyani haoni kundule, ndiyo maana mtoto mwenyewe hajui kinachomliza. Hakuna aliyecheka, kwa sababu Dira alikuwa amenyamaza, na Dira akinyamaza watu huogopa.

Dirisha la jiko la Peiru linafunguka juu ya ubao ule. Mama mkwe alikuwa ndani anaosha mabakuli. Peiru alisikia maji yakiacha kutiririka.

Huyu ndiye aliyempikia Peiru kuku kwa tangawizi mwezi mzima wa uzazi, asimwache aguse maji baridi. Ndiye aliyemwogesha Muyu siku ya tatu, na ndiye pekee aliyeweza kumtuliza jioni: alimlaza kifudifudi juu ya mkono wake kama kitambaa, akatembea naye kutoka jikoni hadi mlangoni, mlangoni hadi jikoni, akimbembeleza kwa wimbo usio na maneno. Kilio hakikuisha, lakini kilipungua, na Peiru aliweza kula.

Siku ile mama mkwe alitoka jikoni, akainama kwenye susu, akanyoosha mikono kama kawaida. Kisha akairudisha. Akaipangusa kwenye aproni ingawa ilikuwa mikavu. Akasema inabidi aende kijijini, kwenye nyumba ya zamani, kuna mboga za kutia chumvi. Haukuwa msimu wa kutia mboga chumvi, na wote wawili walijua.

Peiru alikuwa na maneno mawili: Mama, baki. Yalifika mpaka kwenye meno. Alichosema ni kwamba amsaidie mfuko. Akaubeba mpaka kituoni, akasubiri basi liondoke. Aliporudi nyumbani moyo wake ulikuwa mwepesi kidogo, kama mtu aliyepata dawa, na wepesi ule ndio uliomtafuna baadaye kuliko kitu kingine chochote.

Mumewe, Guowei, yuko Shenzhen, kiwandani. Kwenye simu alisema kama Mama mwenyewe ameamua, basi wamwache, wazee wanajua. Halafu kengele ya zamu ikalia.

Muyu naye akazidi. Sasa alikuwa analia bila wa kumtembeza, kwa sababu Peiru mikono yake ilikuwa imechoka kabla jioni haijaanza.

Alasiri moja kijiwe kilikuwa kimejaa. Kulikuwa na mgeni pia, mwanamke wa makamo aliyekuwa akipita na guta lililojaa machipukizi ya mianzi, gurudumu likapata pancha pale pale. Mnyororo alimpa kikombe, akaligeuza gurudumu, akaanza kutafuta tundu kwenye beseni la maji.

— Bado analia, alisema Redio.

— Tunasikia, alisema Mnyororo. Hatujaziba masikio.

— Mimi nauliza tu. Simbamarara ameondoka, mtoto analia zaidi. Dira, hebu eleza hapo.

Mzee Dira alikunywa chai yake taratibu, akakirudisha kikombe.

— Simbamarara ameondoka, harufu imebaki. Kwani ukimtoa paka jikoni, panya wanajua siku hiyo hiyo?

— Harufu iko wapi sasa?

— Kwenye kiti chake cha mwanzi. Kwenye blanketi. Kwenye upawa.

— Basi achome kiti. Haba na haba hujaza kibaba.

— We Redio, haba na haba inahusiana nini na kuchoma kiti?

— Kiti ndiyo haba ya kwanza.

Mnyororo alikamua mpira ndani ya maji, akitazama mapovu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba wahenga walishasema, simbamarara awe mkali vipi, hali mwanawe.

— Mwanawe, alisema Dira. Walisema mjukuu? Nionyeshe waliposema mjukuu.

Mnyororo akayarudisha macho kwenye mapovu.

Kuanzia hapo mambo yakapanda mlima. Redio alidai kosa si la bibi peke yake, ni la winchi refu la wajenzi ng'ambo ya mto, ambalo liko magharibi, na magharibi ni upande wa simbamarara mweupe. Mkono wake ukigeuka jioni, mtoto anauona mdomo wa simbamarara huyo. Dira alikubali nusu. Nusu nyingine aliipeleka Shenzhen. Alisikia kwamba jengo wanalolala wafanyakazi halina ghorofa ya nne; namba zinaruka kutoka tatu hadi tano, maana nne hutamkwa karibu sawa na kifo, na watu hawataki kulala kwenye kifo. Na Guowei analala hiyo ya tano, ambayo ukihesabu kwa haki ni ya nne.

— Kwa hiyo baba anaishi mahali pasipokuwepo, alisema Dira. Mtoto anamtafuta kila jioni na hamwoni. Wewe ungeacha kulia?

Peiru, ndani ya mlango, alikaribia kucheka. Halafu hakucheka.

Ndipo Dira alipotoa hukumu. Alisema mambo haya hayafanywi nusunusu, mwenda pole hajikwai, kwa hiyo lazima wafanye upesi. Picha ya mama Guowei itolewe ukutani. Asiongee na mtoto hata kwa simu, maana sauti nayo hupita. Na asivuke kizingiti cha nyumba ile, hata sikukuu ya mwaka mpya, mpaka mtoto atimize miaka kumi na mitano na kutoka katika ulinzi wa utoto.

Peiru alijumlisha miaka hiyo na umri wa mama mkwe, na jumla haikumpendeza.

Redio aliuliza ni nani atakayemwambia mwenyewe. Macho yakamwendea Shangazi Ahui, ambaye alikuwa amekuja kunywa kikombe kimoja kabla ya kufunga. Ahui alisema sawa, atampigia usiku huu, wamejuana tangu ujana. Alisema mama Guowei hatabisha. Si mtu wa kubisha yule. Ukimwambia ni kwa ajili ya mjukuu, atakaa huko huko mpaka afe.

Sindano ya Peiru ilisimama kwenye kitambaa. Muyu alikuwa analia. Hakuna kilichomzuia kuinuka, hatua zilikuwa chache tu, na alibaki amekaa.

Mwanamke wa guta alikuwa amemaliza chai yake. Alikishika kikombe kwa vidole viwili, hajui akiweke wapi.

— Samahani wazee wangu, mimi mpita njia. Huyo bibi ana watoto wangapi?

— Wanne, alisema Redio.

— Aliwazalia wapi?

— Humo humo. Chumba hicho hicho, hospitali wakati ule ilikuwa mbali.

— Na wakati huo alikuwa wa mwaka gani?

Birika lilikuwa linachemka na hakuna aliyelishika.

Redio alifungua mdomo, akaufunga. Watu wa mtaa ule hawakuwahi kuliona jambo hilo. Mzee Dira aliitoa dira mfukoni, akaigeuza, akasema labda kati ya wale wanne hapakuwa na Nyani.

— Alikuwepo, alisema Shangazi Ahui bila kumtazama mtu. Yule binti wa pili, aliyeolewa upande wa bahari. Ni Nyani. Nilimpelekea mama yake samaki mwenyewe, siku alipojifungua. Sasa ana watoto watatu, mnene kama mtungi.

Mnyororo alibandika kiraka, akakikandamiza kwa gumba muda mrefu kuliko inavyohitajika. Akajaza upepo, akalirudisha gurudumu. Mwanamke akashukuru, akakiweka kikombe kwenye sinia, akalisukuma guta lake. Alipofika kwenye kona aligeuka kidogo kutazama kile kilio kilikotoka, kisha akaenda zake.

Waliobaki waliendelea kunywa, lakini majani yalikuwa yameshatoa yote yaliyokuwa nayo, na hakuna aliyeomba mengine. Ahui alisema haoni haja ya kupiga simu. Alilisema hilo akitazama kisu chake cha tofu. Hakuna mtu aliyetazama mlangoni kwa Peiru.

Peiru alimtoa Muyu kwenye susu, akamtembeza kutoka jikoni hadi mlangoni. Lile swali lilikuwa la maneno machache. Halikuhitaji dira wala elimu. Angeweza kuliuliza yeye siku ile ya kwanza, tofu ikiwa bado mkononi.

Asubuhi iliyofuata alimfunga mtoto mgongoni kwa mbeleko, akapita mbele ya banda kabla halijafunguliwa, akapanda basi la kwanza la kijijini.

Mama mkwe alikuwa uani, anapindua vipande vya figili kwenye ungo. Alipowaona aliinuka haraka na uso ukamchanua. Kisha akakumbuka. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, mikono akaificha nyuma.

— Baki hapo hapo, mwanangu. Nigeuzie uso wake nimwone. Basi, inatosha. Ameongezeka?

— Hajaongezeka, Mama.

— Analia?

— Analia.

Peiru alimsimulia aliyosema mwanamke wa guta. Alisimulia vibaya, akaanza mwisho, akarudi mwanzo, akameza mengine. Mama mkwe alisikiliza yote.

— Ni kweli, alisema. Niliwalea wote wanne, na sikuifikiria mikono yangu hata siku moja. Lakini siku ile pale jikoni niliiona. Sasa kila nikiinyoosha, naiona. Mtu akishaona kitu, anaachaje kukiona?

Peiru alifungua mbeleko, akaitandika chini kwenye jua, akamlaza Muyu katikati, kati yake na ukuta. Mtoto alitazama mbingu kidogo, kisha akaanza.

— Mchukue, alisema mama mkwe. Peiru. Mchukue mtoto.

Peiru aligeuka, akatoka uani, akauvuta mlango nyuma yake.

Alisimama njiani, paji la uso likiwa kwenye mbao. Kilio kilipanda, kikapanda tena, kikafika pale ambapo mtoto hukosa pumzi. Akasikia ungo ukianguka na figili zikimwagika. Kilio kikaanza kushuka, kikawa kwikwi, kikaisha. Kisha akasikia sauti ya mama mkwe, ndogo, ikienda na kurudi uani kwa mwendo wa hatua.

— Nisamehe, mjukuu wangu. Msamehe bibi yako. Nisamehe.

Hayakuwa maneno ya bibi yale. Mwenye kupaswa kuyasema alikuwa Peiru, huko nje, ameushika mlango kwa mikono miwili, na alikaa hivyo mpaka sauti ya ndani ilipoacha kuomba.