Namba Aliyoiandika Ozella Broomfield Gaines

Mjomba Hosea aliniomba sehemu moja ya wasifu huu niiruke. Mchungaji Pettway naye aliniuliza kwa upole kama ni lazima isomwe. Ni lazima, kwa sababu marehemu mwenyewe aliniagiza, na siku ya leo ni yake.

Ozella Broomfield alizaliwa Jumamosi tarehe 2 Juni 1951 hapa Marlow Bend, Mississippi, mtoto wa kwanza wa Lemuel na Arizona Broomfield, vibarua wa pamba. Aliyemfuata ni Mjomba Hosea, na kitinda mimba alikuwa Charlesetta, mama yangu, aliyezaliwa mwaka 1963. Bibi alishinda shambani, kwa hiyo aliyemlea mama ni Ozella.

Alimaliza shule hapa mwaka 1969, akasomea uuguzi mjini Jackson na kuhitimu 1972. Alirudi nyumbani kufanya kazi kwenye kliniki ya wajawazito, iliyokuwa moja tu wilaya nzima.

Tarehe 14 Oktoba 1978 alifunga ndoa na Cleophus Gaines, fundi wa matrekta. Hawakujaliwa mtoto. Mzee Cleophus, aliyetutangulia mwaka 2011, alizoea kupanda kiti cha nyuma cha gari lake mwenyewe, maana kiti cha mbele kilikuwa cha kipima presha, tena kimefungwa mkanda.

"Mume ni mimi au hicho kidude?" alikuwa akilalamika.

"Wewe ukipasuka nitakushona," marehemu alimjibu. "Hiki nani atakishona?"

Sasa nasoma sehemu niliyoombwa niiruke. Jumatano tarehe 9 Machi 1988 mama yangu alifika kliniki akiwa na mimba ya wiki thelathini na moja. Kichwa kilimuuma na vidole vilivimba hadi pete ikagoma kutoka. Akiwa amekaa, presha ilisoma 164 kwa 108. Kliniki ile ilikuwa na desturi yake. Presha ikipanda, mjamzito alilazwa ubavu wa kushoto, akaachwa atulie, kisha akapimwa tena kwenye mkono uliobaki juu. Mara nyingi ilishuka. Wauguzi waliandika hiyo ya pili tu, wakaiita namba ya kurudi nyumbani, na waliiandika kwa wema, kwa kuwa hospitali ilikuwa mbali na akina mama waliogopa kulazwa. Hakuna aliyewaambia kwamba mkono ukiwa juu kuliko moyo, kipimo hudanganya.

"Dada, naona vimulimuli," mama alimwambia Ozella, aliyekuwa akimpima.

"Hujala, ndiyo maana. Geukia huku ulale, acha kudeka."

Baada ya dakika kumi ilisoma 136 kwa 84.

"Umeona? Haya, nenda kapumzike."

"Nikifa usimpe Hosea mtoto wangu, atamlisha soda."

Walicheka wote wawili. Ozella akaandika 136 kwa 84.

Ijumaa mama alianguka jikoni kwa kifafa cha mimba. Mimi nilitolewa kwa upasuaji, njiti wa kilo moja na robo. Yeye hakuamka tena.

Kuanzia 1996 hadi 2017 marehemu alikuwa muuguzi katika utafiti wa chuo kikuu kuhusu mimba za hatari na hali ya watoto wanaozaliwa. Alifuatilia wanawake 612, nyumba kwa nyumba. Kila mmoja alimpima akiwa amekaa, akampima akiwa amelala, akaandika namba zote mbili. Mtoto akizaliwa aliandika uzito wake, na asipoishi aliandika hilo pia. Daktari mmoja kijana alimwambia achague namba moja, fomu ina nafasi ndogo.

"Basi ongeza karatasi, mwanangu," alimjibu. "Mimi niliwahi kuchagua."

Hesabu zilipotoka, wengi wa waliopata kifafa walikuwa wale ambao namba ya kulala ingewarudisha nyumbani. Kliniki yetu iliiacha desturi ile. Mimi, ambaye alinilea tangu nikiwa njiti, nilidhani kung'ang'ania kwake namba zote mbili ni ukali wa kazi tu.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Kila Jumapili nilikaa kando ya kitanda chake akanipima. Namba ya juu ilikuwa 118, ikawa 124, ikawa 131. Jumapili ya tarehe 14 Januari ilisoma 138 kwa 88. Alinitazama sana, ndipo akanieleza haya yote na kuniagiza niyasome siku ya kumzika.

"Latrice, utanisamehe?"

"Pumzika, Mama Mkubwa," nilimwambia, nikatoka. Nilikuwa na hasira, na bado ninayo. Alifariki Alhamisi tarehe 18 Januari 2024, saa kumi jioni, akiwa hajapata jibu langu.

Hili halimo kwenye karatasi mlizoshika. Leo asubuhi nilijipima, nimekaa. Ilisoma 146 kwa 94, na wiki zangu ni thelathini na moja. Daktari ameshaarifiwa na gari linaningoja nje, kwa hiyo chakula mtakula bila mimi.

Marehemu ameacha kaka yake, Hosea Broomfield. Mimi, Latrice, niliyempenda kama mama kwa sababu sikumjua mwingine. Mume wangu, Terrance. Na mtoto aliye tumboni.

Apumzike. Amani nitamletea mwenyewe kaburini, nikijaliwa kurudi na mtoto huyu mkononi.