Msifagie Mpaka Bi Barke Aje

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Bi Barke Mansur anastaafu kazi ya afisa wa kilimo hapa Kisauni. Kiti chake atapewa mwingine. Viatu vyake vya mvua, vilivyosimama nyuma ya mlango wa ofisi miaka yote hiyo, anaondoka navyo. Tumembembeleza aviache, amekataa katakata.

Bi Barke ni mzaliwa wa Likoni. Kila asubuhi alivuka feri na bado akatutangulia kazini sisi tunaokaa Junda, hatua chache tu kutoka ofisini. Tulipoingia tumechelewa alitupa sabalkheri tamu kiasi cha kututia haya. Shambani hakuuliza habari ya mahindi kabla hajauliza wazee, watoto na hata mbuzi aliyekuwa mgonjwa. Sisi tulitazama saa. Wakulima walimwambia kila kitu.

Kati ya yote aliyoyafanya, mimi nitamkumbuka kwa masika ya mwaka juzi kule Mwakirunge. Maji yalituama mashambani hata mahindi yakaoza yamesimama na mihogo ikaoza ardhini. Hakuna aliyekuwa na bima. Tegemeo lilikuwa msaada wa serikali kwa walioharibikiwa na mazao, nao hautolewi mpaka kamati ya tathmini ije ione hasara kwa macho.

Wanakijiji walipopata habari kwamba wageni wa serikali wanakuja, walifanya kama walivyolelewa. Walisafisha. Mama Kafedha Mweri, mjane anayelisha wajukuu kwa shamba lake moja tu, aliongoza majirani wakang'oa kila kilichooza, wakakitupa katika shimo la machimbo ya mawe lililoachwa, kisha wakafagia njia nzima. Kamati ilikuta shamba safi kama uwanja wa harusi. Kiongozi wake akasema haoni zao lililoharibika, basi hapana cha kulipwa.

Mama Kafedha alishangaa kweli kweli. "Sasa mwanangu, mgeni nimkaribishe penye uvundo?"

Hakujua kwamba ameifagia pesa ya mbegu yake ya vuli. Sisi wa ofisini tuliofuatana na kamati tulijua, na mimi nilihisi machozi yananilenga. Bi Barke alivaa viatu vyake, akauliza shimo liko wapi, akateremka. Punde muhogo uliooza ukaruka kutoka chini na kutua karibu na viatu vya kiongozi wa kamati, viatu vyeusi vilivyong'aa. Ukafuata wa pili.

"Teremkeni, jamani! Mashamba yako huku!" aliita.

Waliteremka na tai zao shingoni, wakitafuta leso za kuziba pua. Walipotoka shimoni hakuna aliyebisha tena. Msaada ulichelewa, wala haukufidia yote, lakini ulifika kabla ya mvua za vuli, na Mama Kafedha akapanda.

Tangu hapo, kila maji yakijaa, Bi Barke aliwapigia simu maimamu na wachungaji wawatangazie watu: msifagie mpaka nije. Na alikuja, hata siku ambazo gari la ofisi lilikataa kuwaka na ikabidi apande bodaboda, buibui amelikusanya mapajani na viatu vya mvua vinaning'inia shingoni mwa dereva.

Bi Barke, ahsante. Umetuchosha kwa kutembea na umetulea. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi ulioukosa miaka yote, na raha pamoja na wanao na wajukuu. Tutakukosa sana, na hilo hatulifichi.

Mama Kafedha amekualika Jumamosi ukale wali kwa kunde za shamba lake. Jana alipiga simu ofisini kuuliza, kwa adabu zake zote, kama ana ruhusa ya kufagia. Tumemjibu kwa niaba yako: safari hii, mama, fagia.

Charo Jefwa, kwa niaba ya wenzako wote