Dorotea Kija Shimba, Aliyegombea Udiwani Mabatini (1948–1999)

Wasifu huu umeandikwa na Nkwabi Shimba, mdogo wa marehemu, na ndiye anayeusoma mbele yenu. Marehemu mwenyewe ndiye aliyemwagiza auandike, akamwagiza pia asipunguze kitu. Kama humu mna neno litakalomchoma mtu, basi lianze na msomaji.

Marehemu Dorotea alizaliwa tarehe 12 Aprili 1948 katika kijiji cha Ng'washilugu, ambacho sasa kiko wilaya ya Magu. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Mzee Shimba na Mama Minza. Jina la Kija alilirithi kwa bibi yake mzaa baba, na la Dorotea alilipata kwa ubatizo mwaka 1957. Watoto waliozaliwa nyumbani hapo walikuwa sita, wanne hawakufikisha miaka mitano. Akabaki yeye na Nkwabi. Alikuwa akimbeba mdogo wake mgongoni wakienda kuchuma pamba, hata alipokuwa mkubwa wa kutosha kutembea mwenyewe, na watu wakimcheka alijibu kwamba aliyebaki hawekwi chini.

Alianza shule mwaka huo huo wa ubatizo. Mzee Shimba hakupinga, ila wenzake walimsumbua kwa maswali, binti akijua kusoma atamsomea nani, na ng'ombe wa mahari watapungua au wataongezeka? Mama Minza ndiye aliyeshika msimamo, akasema kwamba mahari itasubiri. Dorotea alimaliza darasa la nane mwaka 1964 katika shule ya kati ya wasichana ya misheni, akiwa wa pili kati ya wasichana thelathini na mmoja. Mwaka uliofuata alipata mafunzo ya ukarani hapa Mwanza.

Januari 1966 aliajiriwa kuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia pamba huko kwetu Magu. Wakati ule wakulima hawakuwahi kumwona mwanamke akisoma mizani. Baadhi walijaribu kumpima yeye kwanza, wakaficha mawe ndani ya magunia. Mzee mmoja alifika na gunia lenye jiwe la ukubwa wa kichwa cha ndama. Dorotea alilitoa, akalifuta vumbi kwa kanga yake, akamkabidhi kwa mikono miwili na kumwambia kwa heshima kwamba ameona jiwe lake la kusagia limesahaulika humo, na bibi nyumbani atakuwa analitafuta. Watu waliokuwa kwenye foleni waligeukia magunia yao, wakamsitiri mzee wao. Tangu siku hiyo magunia ya kituo kile yalikuja na pamba tupu.

Mwaka 1974 alihamishiwa ofisi ya kinu cha pamba hapa mjini, akafanya kazi hadi 1993, biashara ya pamba ilipoanza kuachiwa watu binafsi na wafanyakazi wakapunguzwa. Aliondoka na barua ya shukrani na macho mekundu. Miaka ishirini na saba ya vumbi la pamba iliyachoma macho yale, wala dawa haikusaidia.

Tarehe 17 Julai 1971 alifunga ndoa na Bwana Projest Mutayoba, fundi wa injini za meli, mwenyeji wa Muleba. Ndugu wa pande zote mbili walinung'unika, Wasukuma wakasema Mhaya atamdharau, Wahaya wakasema Msukuma hajui ndizi. Wenyewe walijenga nyumba yao Mabatini, wakajaliwa watoto watatu. Kokulinda alizaliwa 1972, Josephat 1975, na wa tatu, aliyezaliwa 1978, aliishi siku tisa.

Sasa inafuata sehemu ambayo wengi wenu mnaijua, ila kila mtu anaijua kwa upande wake.

Baada ya kupunguzwa kazini, marehemu aliuza dagaa wa jumla pamoja na wanawake wenzake wa mtaani. Mvua za masika ya 1994 ziliziba mtaro, maji machafu yakaingia majumbani, na watoto wakaugua matumbo. Wanawake walimtuma akaulize manispaa. Alikwenda mara nne, na mara ya nne karani mmoja alimwambia kwamba mambo ya mitaro yanasemwa na diwani kwenye kikao, siyo na akina mama mlangoni. Alirudi akawaeleza wenzake hivyo hivyo. Rose, aliyekuwa akikaanga samaki pale njiapanda, akamwambia kwamba kama ni hivyo, basi diwani awe yeye. Uchaguzi ulikuwa Oktoba, wa kwanza wa vyama vingi. Akachukua fomu.

Mgombea aliyeshindana naye hatatajwa jina hapa. Familia imeamua hivyo, na huenda yupo kati yetu. Aliulizwa habari za mtaro, za soko, za barabara. Majibu yake mengine yalikuwa mazuri, na haki yake tumpe.

Jumamosi tarehe 8 Oktoba 1994 ilikuwa zamu ya Dorotea kuhutubia kwenye uwanja wa shule. Alikuwa ameandika hoja zake kwenye daftari, urefu wa mtaro kwa hatua, idadi ya nyumba, mahali maji yanapokwama. Kabla hajafika katikati, mwanaume mmoja alinyoosha mkono, akataka kujua vikao vikiisha jioni nani atampikia Projest. Uwanja ukacheka. Projest alikuwa amekaa mstari wa pili, kofia mapajani.

Dorotea akajibu, "Projest anapika ndizi vizuri kuliko mimi. Siku ya kikao tutakula vizuri zaidi."

Watu walicheka tena, naye akadhani wamecheka pamoja naye. Jumatatu yake, kule karakana, mumewe alikuta wenzake wameshambatiza. Walimwita Mama Koku. Walimwita hivyo mbele ya wasimamizi na mbele ya abiria, na mmoja alimletea aproni. Projest hakumweleza mkewe. Dorotea alikuja kusikia kwa Josephat, baada ya wiki moja, naye alijilaumu sana kwa mzaha ule.

Kuanzia hapo kila alichofanya kilikuwa na kasoro. Akipaza sauti, walisema ana sauti ya kiume. Akiishusha, walisema ataongea nini na wakubwa. Alipovaa sketi ya ofisini walihesabu magoti yake, na alipojifunga kitenge walisema hana hadhi. Mshindani wake alikuwa na wake wawili, lakini hakuna aliyemuuliza ni yupi anampikia. Kisha mtu, hajulikani ni nani, akasema hadharani kile ambacho huku kwetu hakisemwi kwa mzaha: yatazameni macho yake. Mekundu. Ameyatoa kwa mama yake.

Mnajua ndugu zangu maneno hayo yanakuwa nini yakifika kijijini. Miaka ile vikongwe walikuwa wakiitwa wachawi na kukatwa mapanga kwa sababu ya rangi ya macho. Mama Minza alikuwa na miaka sitini na mitano, mjane, macho yake yamewiva kwa moshi wa kuni kama ya mwanamke yeyote wa Usukumani. Tarehe 17 Oktoba asubuhi Nkwabi alikuta karatasi imechomekwa kwenye ua wa mama yao, ina jina la mama na neno moja: ondoka.

Nkwabi alipanda basi la kwanza kuja Mwanza. Alimkuta dada yake akichambua dagaa, akamwonyesha karatasi.

"Dada, jitoe," alisema. "Hicho cheo kinamtafutia mama panga."

Dorotea aliisoma mara mbili. Hakubishana. Alinawa mikono, akasema watakwenda kumuuliza mwenyewe, na kama mama akisema jitoe, atajitoa leo leo.

Mama Minza alikuwa akipepeta mtama. Alipokea shikamoo zao, akasikiliza mpaka mwisho huku akipepeta, kisha akajibu.

"Walinianza kabla yako, mwanangu. Mjane mwenye ng'ombe hakosi jina. Tangu baba yenu afe wananitazama macho, na wewe ulikuwa hujachukua karatasi yoyote. Ukijitoa, watasema kumbe ni kweli, na mimi wataniua vilevile. Nenda kagombee."

Siku hiyo hiyo alihamia Mabatini akiwa na kigoda, chungu kimoja na kuku wawili. Ng'ombe kumi na wanne na shamba vilibaki. Kabla ya Krismasi wapwa wa marehemu Mzee Shimba walikwisha kugawana vyote.

Ni lazima liandikwe na hili. Katika mkutano wa kijiji wiki ile Nkwabi aliulizwa kama yuko upande wa dada yake. Alisimama akasema kwamba yeye hayumo katika mambo ya wanawake. Kwa maneno hayo sita alibaki na nyumba yake na shamba lake, na hakuna aliyemgusa mpaka leo.

Uchaguzi ulifanyika Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Marehemu alishindwa kwa kura sitini na tatu. Alimpa mshindi mkono mbele ya wasimamizi, akarudi nyumbani, akakaa kwenye kitanda bila kuvua viatu. Kesho yake Rose alikuja analia. Alimwambia kwamba alikwenda kituoni kwa nia ya kumpigia, lakini alipoishika kalamu akafikiria kwamba mwanamke leo amepewa ruhusa na mumewe, kesho anaweza kunyimwa, na kura itakuwa imepotea. Dorotea alimkaribisha chai. Baadaye alimweleza Nkwabi jambo hilo bila hasira.

"Sisemi wote walininyima kwa sababu ni mwanamke," alisema. "Wapo ambao hawakunitaka tu, na hiyo ni haki yao. Lakini mwenzangu aliulizwa mtaro, mimi nikaulizwa sufuria. Nitajuaje ningeshindwa kwa mtaro?"

Mtaro ulichimbwa upya Agosti 1995. Waliouchimba ni wanawake, kwa majembe yao, wakifuata vipimo vya daftari lile. Siku ya kuufungua diwani alikata utepe. Marehemu hakualikwa jukwaani, akatazama akiwa kwenye kibaraza cha duka.

Mama Minza alifariki Juni 1996 hapo Mabatini. Ukoo ulikataa azikwe kando ya mumewe. Nkwabi alitumwa kuleta jibu hilo, naye akalileta.

Mwanzoni mwa 1998 marehemu alianza kutokwa damu. Aliuficha ugonjwa miezi mitano, maana alijua mtaa utasema nini. Alipovuka kwa kivuko kwenda hospitali Sengerema, aliambiwa ni saratani ya shingo ya kizazi, na kwamba imekwisha kusambaa. Alipelekwa Dar es Salaam kwa treni kutibiwa kwa mionzi, akarudi amekonda, ngozi imekuwa nyeusi. Na mtaa ukasema. Walisema ni ule ugonjwa, aliuokota kwenye kampeni, akizunguka na wanaume. Watu wawili walioheshimika walimfuata Projest, wakamshauri amrudishe kwao.

Projest Mutayoba ni mtu wa maneno machache. Jumapili moja, wageni wakiwa wamejaa sebuleni wakinong'ona, alitoka jikoni na bakuli la uji, akasimama.

"Ni saratani," aliwaambia. "Ya kizazi kilichonizalia watoto. Anayetaka cheti cha daktari kipo kabatini, aje akisome. Sasa naomba nafasi, nimlishe mke wangu."

Ndivyo alivyofanya kila siku kwa miezi saba. Alipika, alifua, alimgeuza kitandani. Wenzake wa karakana walikuja kumsalimu wakawa hawajui waangalie wapi.

Mwezi Januari Nkwabi alikuja kumwona, akapiga magoti kando ya kitanda, akaanza kuomba msamaha kwa maneno yale ya mkutanoni. Dorotea alimkatisha. Alisema amekwisha kumsamehe zamani, asimchoshe. Alichotaka ni kitu kingine.

"Nikifa wataandika nilikuwa mama mwema, mpole, mcha Mungu. Andika hayo kama unataka. Lakini uandike niligombea, na uandike walivyonitendea, na wewe ujiandike. Usome kwa sauti, wasikie."

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 9 Februari 1999, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini. Kokulinda alikuwa amemshika mkono. Kwa wosia wake anazikwa leo Alhamisi katika makaburi haya ya mjini, kando ya Mama Minza, siyo Muleba wala Magu. Wakwe zake wa Muleba wameridhia, nasi tunawashukuru.

Marehemu Dorotea ameacha mume, Projest Mutayoba. Watoto wawili, Kokulinda na Josephat. Mjukuu mmoja, Celestina, mwenye miezi kumi na minne. Na mdogo mmoja, Nkwabi, aliyekana undugu naye siku moja ya Oktoba. Ameacha wanawake wa mtaro. Ameacha pia watu elfu moja mia moja themanini na wanne waliompigia kura. Wengi wao hawakupata kumwambia, na baadhi wamesimama hapa sasa hivi wakidhani walikuwa peke yao.

Bwana ampe Dorotea pumziko ambalo sisi tulimnyima.