Karatasi Tatu za Divai ya Katibu

Benchi langu lipo kati ya kibanda cha kinyozi na banda la fundi baiskeli, chini ya bati lenye matundu mawili, na wateja wote wanajua pa kukaa mvua ikinyesha. Nauza kahawa hapa tangu nilipoishia kidato cha pili, mwaka ule mama alipougua. Benchi na birika ni vyangu. Maneno ni yao. Kinyozi tunamwita Profesa, maana hajawahi kunyoa mtu bila kumpa mhadhara. Fundi baiskeli tunamwita Breki, maana akianza kuongea hana. Wa tatu ni Katibu, aliyefanya kazi masjala miaka thelathini na moja, na mpaka leo hutembea na faili kwapani hata akienda kunyolewa. Binti yake anaolewa baada ya wiki saba. Siku ya utambulisho, shangazi wa bwana harusi alimwuliza amefanya kazi gani. Alipojibiwa akacheka, akasema, "Kumbe maisha yote umegonga mihuri kwenye vitu walivyotengeneza wenzio!" Ulikuwa utani, lakini Katibu alirudi nao nyumbani na haujamtoka. Akaagiza boksi la kutengenezea divai: juisi nzito ya zabibu, vipakiti vyake, chupa ya kioo ya lita ishirini na karatasi tatu za maelekezo. Akaapa kwamba siku ya harusi atawamiminia wakwe divai aliyoitengeneza kwa mikono yake. Leo ni siku ya kumi na nane. Chupa imeletwa kijiweni juu ya keria ya baiskeli, imefungwa kwa mipira na kufunikwa shuka ya kinyozi, ili ikaguliwe. Haijatoa povu hata moja.

Katibu: Kikao kimefunguliwa. Wajumbe wametimia?

Breki: Tuko watatu. Jana tulikuwa watatu. Hata tukifa tutazikwa watatu.

Katibu: Binti, andika mahudhurio.

Mimi: Nimeshika birika, Mzee Katibu.

Katibu: Basi yakariri. Ajenda ni moja: kwa nini divai imenyamaza.

Profesa akapiga magoti, akaweka sikio kwenye kioo kama daktari.

Profesa: Haijanyamaza. Inafikiri.

Breki: Juisi inafikiri?

Profesa: Zabibu ni tunda lenye haya. Halifanyi kazi likikodolewa macho. Ndiyo maana nikalifunika shuka. Hata mteja wangu, ukimtazama sana wakati wa kunyoa ndevu, ngozi inajikunja.

Breki: Inajikunja kwa sababu wembe wako umeanza kazi kabla mimi sijazaliwa. Hebu nipisheni, nizungumze kama mtu wa fani. Mimi nikitaka kujua kama mpira umetoboka, nauzamisha kwenye beseni la maji. Yakitoka mapovu, umetoboka. Yasipotoka, mzima. Sasa hapa mapovu hakuna. Mnalia nini? Mgonjwa wenu mzima wa afya!

Katibu akaandika kwenye faili, akisoma kwa sauti: "Chupa haina pancha. Imepokelewa."

Mimi: Lakini divai si lazima itoe mapovu kwanza?

Profesa: Binti, mimina kahawa.

Nikamimina. Sikuwa nikijua mambo ya divai, ila najua kusoma, na tangu siku ya kwanza nilitamani kuziona karatasi zile zikiwa pamoja. Hazikuwahi kuwa pamoja tena. Boksi lilipofika, zilikuja zimebanwa kwa pini moja. Katibu akaichomoa, akazigawa karatasi kama alivyokuwa akigawa mafaili masjala: kila mjumbe na lake, na asiingilie la mwenzake. Ya pili akampa Profesa, ya tatu Breki, ya kwanza akabaki nayo. Kipakiti kilichotajwa kwenye kila karatasi kikaenda na karatasi yake.

Katibu: Tupokee taarifa. Profesa, karatasi ya pili.

Profesa: Karatasi yangu inasema: "Subiri mpaka mapovu yaishe." Nimesubiri. Mapovu hayapo. Kwa hiyo yameisha. Kazi yangu nimeimaliza kwa asilimia mia.

Mimi: Yalianza lini, Profesa?

Profesa: Kuanza hakupo kwenye karatasi yangu.

Katibu: Hapo umesema vizuri. Mipaka iheshimiwe. Breki, karatasi ya tatu.

Breki: Yangu inasema nitie kipakiti cha kusimamisha hamira, kisha nikoroge. Nimetia, nimekoroga.

Katibu: Lini?

Breki: Siku ya kwanza. Jumatatu huwa sina kazi nyingi. Nikasema niwahi, isije ikaonekana mimi ndiye ninayewachelewesha.

Katibu: Wajumbe, mfano ndio huu!

Mimi: Mjomba Breki, umesimamisha kitu ambacho hakijaanza kutembea?

Breki: Mwanangu, breki hukaguliwa kabla ya safari. Ukingoja ukaguzi mpaka baiskeli iko mteremkoni, utanikumbuka ukiwa mtaroni.

Wote wawili wakatikisa vichwa kumuunga mkono. Hata mimi, kwa dakika nzima, niliona kama amesema kitu.

Profesa: Mimi nadhani tatizo ni safari. Hii juisi imetoka mbali. Saa yake bado ni ya kule. Sisi huku tukiwa mchana, yenyewe inajua ni usiku. Imelala.

Breki: Siku kumi na nane?

Profesa: Shemeji yangu alisafiri wiki moja tu, aliporudi alilala mpaka tukaita watu. Sembuse tunda.

Breki: Basi tuiamshe. Niirudishe kwenye keria, niipitishe kwenye matuta yote mpaka kule sokoni na kurudi. Ikikataa, naleta pampu, naijaza upepo. Mapovu yatatoka yenyewe, tena kwa foleni.

Profesa: Upepo wa pampu yako? Divai itanuka tairi!

Breki: Ndiyo uzuri wenyewe! Hujasikia matajiri wakionja divai? Mmoja anasema inanuka ngozi, mwingine anasema inanuka moshi, wa tatu anasema inanuka udongo baada ya mvua, na wote wanafurahi. Yetu itanuka tairi. Wakwe watafumba macho, watasema hii ni ya kale sana.

Profesa: Au inawaogopa hao wakwe.

Breki: Hapo sasa! Imesikia habari zao.

Katibu: Hata mimi nawaogopa.

Alisema taratibu, bila kulitazama faili, na mzaha ukakatika. Alikuwa anatazama vidole vyake. Vidole viwili vya mkono wa kulia vina wino wa bluu ambao, kwa jinsi ninavyomfahamu, haujawahi kutoka.

Katibu: Nilisema mbele ya watu arobaini. Nilisema kwa mikono yangu. Mwanangu akanitazama, akatabasamu. Sasa nitamimina nini?

Kabla Profesa hajapata nadharia nyingine, mwanamke mmoja alisimama mbele ya benchi na mwavuli wake. Sikumjua. Katibu ndiye aliyemjua, maana aliruka, akasimama mbele ya chupa kama golikipa.

Katibu: Shangazi! Karibu. Karibu sana. Wajumbe, huyu ni shangazi wa bwana harusi.

Shangazi: Asante, mkwe. Nyumbani wameniambia ukikosekana huko upo huku. Nimekuja kuuliza tu, bilauri za divai nilete ngapi? Mwanangu, nipe na mimi kahawa.

Nikampa. Ilikuwa ya mwisho. Birika lilikoroma, likatoa machicha. Akaketi pale pasipovuja, akanywa, kisha kwa ncha ya mwavuli akainua shuka ya kinyozi.

Shangazi: Ndiyo hii?

Katibu: Iko kwenye mchakato.

Profesa: Inafikiri.

Breki: Haina pancha.

Wakamweleza yote. Wakamweleza haya ya zabibu, beseni la maji, safari ndefu ya juisi, karatasi ya pili, karatasi ya tatu, na mafanikio ya kila mjumbe. Alisikiliza bila kumkatiza mtu, kikombe mkononi. Nilisubiri acheke. Hakucheka.

Shangazi: Nimewaelewa. Sasa, kati yenu, anayeitengeneza ni nani?

Profesa akamtazama Breki. Breki akamtazama Katibu. Katibu akalitazama faili. Mimi nilijua kwamba hata juisi iliingizwa chupani na mkewe Katibu, aliyechoka kuliruka boksi kila akienda jikoni, lakini sikuona kama ni mahali pangu kulisema.

Shangazi: Na karatasi ya kwanza anayo nani?

Katibu: Ninayo mimi.

Shangazi: Inasemaje?

Katibu: Sijaisoma bado. Kwa utaratibu, mwenyekiti hupokea kwanza taarifa za wajumbe.

Akafungua faili. Karatasi ya kwanza ilikuwa pale, safi, imepigwa muhuri wa IMEPOKELEWA, na kwenye kona yake kipakiti kidogo kimebanwa kwa stepla. Juu yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Kiambatisho A.

Mimi: Mzee Katibu, hiyo ndiyo hamira.

Breki: Ile niliyoisimamisha?

Mimi: Ndiyo hiyo, Mjomba. Haikuwahi kutoka kwenye faili.

Shangazi akachovya kidole kwenye mdomo wa chupa, akaonja.

Shangazi: Juisi tamu hii. Nitaleta bilauri za juisi.

Wala hakusema kwa ubaya. Nadhani ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya. Katibu alibaki ameinama juu ya karatasi. Kisha akakikagua kipakiti pande zote.

Katibu: Pini imepita ukingoni. Ndani haijafika. Binti, divai inachukua muda gani?

Nikatafuta chini kabisa ya karatasi.

Mimi: Wiki sita.

Katibu: Harusi ni ya saba. Juisi hii Breki ameshaisimamisha, haitaamka tena. Zabibu sokoni zipo?

Breki: Zipo. Niende na keria?

Katibu: Ngoja kwanza. Binti, soma. Anzia juu kabisa, usiruke hata nukta.

Nikasimama, kama nilivyokuwa nikisimama darasani.

Mimi: "Hatua ya kwanza. Nawa mikono yako."

Profesa: Hiyo apewe nani?

Katibu alikuwa ameshavua koti. Faili akalitazama, akakosa pa kuliweka, akampa shangazi alishike. Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu ya mtaro. Kahawa ilikuwa imekwisha, lakini maji ya moto yalibaki kwenye sufuria. Nikayapoza kidogo, nikammiminia. Wino haukutoka mara moja. Akasugua, na hakuna aliyekumbuka kufunga kikao.