Miaka Thelathini na Mmoja ya Kufundisha Indiketa Kawangware

Tarehe 31 Oktoba mwaka huu, Mwalimu Lazarus Obonyo anastaafu kutoka Chuo cha Udereva cha Mwendo Mwema, Kawangware, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Kwa mujibu wa barua yake ya kazi, alipaswa kuondoka mwezi wa Julai. Aliomba miezi mitatu zaidi kwa sababu ya mwanafunzi mmoja, Bi. Syombua Kasiva wa Sarang'ombe, ambaye wakati huo alikuwa ameanguka mtihani wa udereva mara mbili. Habari zake zitafuata. Kwanza tueleze kazi iliyotangulia.

Mwalimu alifika chuoni mwaka 1994, kijana kutoka Nyakach, akiwa na shati lililopigwa pasi na sheria zote za barabarani kichwani. Alikabidhiwa gari lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na nyingine ya mwalimu, pamoja na ubao wa mji. Wasiowahi kusomea udereva wafahamu kwamba ubao huo ni meza iliyochorwa barabara, ambayo mwanafunzi husukuma juu yake vigari vya kuchezea huku akieleza anachofanya. Katika mji wa ubaoni kila dereva hungoja zamu yake na hakuna apitaye kando ya barabara. Ajali iliyowahi kutokea humo ni moja tu, mwaka 2009, mbuzi wa jirani alipoingia darasani akala miti yote ya sponji.

Kwa kumbukumbu za chuo, Mwalimu amefundisha watu wapatao elfu nne. Wote waliwasha indiketa siku ya mtihani. Baadhi yao waliiwasha tena siku iliyofuata.

Nje ya lango letu kuna kibanda cha chai cha Mama Awiti, ambapo madereva huketi kutoa maoni. Mwalimu alihudhuria kila siku saa nne kwa miaka yote hiyo, akanywa chai yake bila sukari, akasikiliza. Bw. Duncan Mulwa, dereva wa lori la mchanga, ndiye mtaalamu wa viwanda vya magari. "Mjapani wa kitambo alikuwa anatengeneza gari," husema. "Huyu wa sasa anatengeneza simu iko na magurudumu." Bw. Muli, wa teksi, hushughulikia magari ya umeme. "Stima ikipotea mtaa mzima, hiyo gari yako inageuka kabati ya sahani." Kuhusu indiketa wote wawili wana msimamo mmoja: "Mwalimu, hii Nairobi ukiwasha indiketa umeambia maadui mahali unaenda."

Mwalimu hakubishana nao sana. Mara moja tu, walipokuwa wakisifu gari lililotangazwa kuuzwa kwa sababu eti lilikuwa la mama mmoja mtaratibu, aliuliza kwa upole: "Kila gari linalouzwa mjini lilikuwa la mama mtaratibu. Nyinyi wanaume, yenu huuzwa wapi?" Siku hiyo chai ililipwa mapema. Hata hivyo barazani pale kuna jambo moja wanaloafikiana: Nairobi ina dereva mmoja tu anayejua kazi. Wanatofautiana juu ya jina lake, kwa kuwa kila mmoja hutaja la kwake.

Sasa tumrudie Bi. Syombua. Kwa miaka kumi na mmoja alisambaza mikate ya tanuri moja la Sarang'ombe, akiibeba kwa sinia kichwani hadi madukani, mpaka daktari alipomwambia kwamba shingo yake haitavumilia sinia tena. Wakati huohuo mwenye tanuri, Bi. Seline, alikuwa amemchoka dereva wa kigari chake, aliyefunga breki kwa namna ambayo mkate ulifika dukani ukiwa chapati. Akamwahidi Bi. Syombua usukani, kwa sharti moja: leseni iwe mkononi kabla ya mwezi wa Oktoba kwisha. Asipoipata, kigari atapewa binamu wa Bi. Seline, na Bi. Syombua atakosa sinia na usukani vyote viwili.

Alijifunza vizuri kuliko wote tuliowahi kuwafundisha, na hilo ndilo lililomwangusha. Katika mtihani wa kwanza alifika kwenye mzunguko wa barabara, akasimama kuwapisha waliotangulia, kama sheria inavyoagiza. Alingoja dakika kumi na moja. Zamu yake haikuja. Katika mtihani wa pili alisimama kwenye kivuko ili ajuza mmoja avuke. Ajuza huyo hakuwa amewahi kusimamiwa na gari maishani mwake. Alishuku mtego, akakataa katakata kuvuka. Mtahini aliandika: anazuia magari. Mtihani wa tatu, mwezi wa Septemba, ulimrudisha kwenye mzunguko uleule, na matokeo yakawa yaleyale.

Kibandani kila mtu alikuwa na dawa. "Mwambie aingize pua ya gari tu, Mwalimu," alisema Bw. Muli. "Ukiangalia mtu macho, umeshindwa." Mwalimu alikataa. Alisema hawezi kumfundisha mtu mwezi wa mwisho jambo ambalo amelikataza miaka thelathini na mmoja. Lakini zilibaki wiki tatu, na Bi. Syombua alikuwa ameanza kuja darasani amefunga kitambaa shingoni kwa maumivu.

Hapo Mwalimu alifanya jambo ambalo walimu wengi hatulifanyi: alikwenda kutazama. Siku mbili nzima alisimama kando ya mzunguko ule akichunguza nani anapishwa na kwa nini. Honi haikumsaidia mtu. Indiketa, kwa masikitiko yake, haikusaidia pia. Aliyepita kila mara bila kungoja alikuwa Bw. Shiundu, msukuma mkokoteni wa maji. Alipokaribia mzunguko, aliinua mkono na kuwashukuru madereva kwa sauti kubwa kabla yeyote hajafikiria kusimama. Mwalimu alipomwuliza siri yake, alijibu: "Mzee, mtu ukimshukuru mbele ya watu, ataona haya kukugonga."

Kitabu cha sheria za barabarani hakiamrishi jambo hilo. Wala hakilikatazi. Mwalimu alikisoma chote tena usiku huo ili kuwa na hakika.

Mtihani wa nne ulikuwa Ijumaa, tarehe 24 Oktoba. Bi. Syombua alifika kwenye mzunguko, akasimama, akawasha indiketa, akashusha kioo. Upande wa kulia lilikuja kwa kasi gari jeupe lisilokuwa na nia yoyote ya kupunguza mwendo. Akatoa mkono nje: "Asante sana, baba! Mungu akuzidishie!" Gari lile lilifunga breki, likasimama, na nyuma yake foleni nzima ikapiga honi kwa uchungu. Bi. Syombua alipita taratibu. Mtahini, ambaye alikuwa amekwisha kufungua ukurasa wa makosa, aliufunga.

Dereva wa gari jeupe alikuwa Mkurugenzi wetu, Bw. Kimotho. Ameturuhusu kuchapisha jina lake baada ya kusoma rasimu hii mara mbili. Anaeleza kwamba alikuwa akikusudia kusimama tangu mwanzo. Tumepokea maelezo hayo.

Leseni ilitoka Jumanne. Jumatano Bi. Syombua alipeleka mikate Kawangware akiwa ameketi, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Wenye maduka wanasema anachelewa kidogo, kwa kuwa bado huwangoja ajuza wakate shauri. Mkate, hata hivyo, hufika ukiwa mkate.

Kwa niaba ya walimu, wanafunzi na baraza zima la kibandani, tunamshukuru Mwalimu Obonyo kwa subira yake, na hasa kwa kutumia breki yake ya pili mara chache kuliko tulivyostahili. Wengi watashangaa kujua kwamba hajawahi kumiliki gari. Tulipomwuliza sababu, alijibu: "Madereva wa mji huu nawajua. Ni mimi niliyewafundisha."

Basi Mwalimu anarudi nyumbani kwa miguu. Tunamtakia siha, usingizi wa kutosha na majirani wasiopiga honi. Na madereva wote atakaokutana nao njiani, tunawashukuru sana kwa kumpisha.