Amina Iliyomshinda Mwinjilisti Abel Maduhu

Mwinjilisti Abel Maduhu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1956 kijijini Igunda, Kahama, akiwa mtoto wa nne wa wakulima wa pamba. Mimi ninayesoma ni Mbuke, binti yake wa kwanza. Nimeombwa nisome kwa utulivu. Nitajaribu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972. Alizoea kututania kwamba Kiswahili aliingiziwa kwa fimbo, ndiyo maana uchungu ukimzidi alimwomba Mungu kwa Kisukuma. Mwaka 1979 alihitimu mafunzo ya uinjilisti, na mwaka uliofuata akapangiwa Runzewe. Hapo alihudumu hadi ugonjwa ulipomlaza, huku akilima mahindi na mpunga.

Siku alipokwenda kujitambulisha ukweni aliombwa abariki chakula. Akaomba mvua, akaombea wagonjwa, akaombea viongozi, ugali ukapoa. Mama yetu Juliana, aliyekuwa amesimama na bakuli la mlenda, akasema kwa sauti, "Amina!" Watu wakacheka, sala ikaishia hapo. Walifunga ndoa tarehe 12 Novemba 1983, wakajaliwa watoto watatu: mimi, Benjamini na Loveness.

Machimboni kwetu wachimbaji hawazami duarani, yaani ndani ya shimo la kuchimbia, kabla ya sala, na Amina ndiyo ruhusa ya kushuka. Miaka mingi Baba ndiye aliyewaombea. Jumamosi ya tarehe 11 Oktoba 2014 aliomba kama kawaida, akasema Amina, vijana wakashuka, Benjamini akiwa wa kwanza. Baba hakujua kwamba Masalu, fundi wa matimba, zile nguzo za miti zinazoshikilia kuta za duara, alikuwa bado hajakagua. Udongo ulishuka kabla ya saa nne.

Baba alikaa mdomoni mwa duara siku zote za uokoaji. Aliwaambia watu, "Siku ya tatu atatoka." Siku ya tatu Benjamini alitoka, akiwa maiti.

Tangu hapo Amina ilimshinda Baba. Masalu alikuja kuomba msamaha, akasamehewa siku hiyohiyo. Kujisamehe mwenyewe ndiko alikoshindwa. Aliendelea kuhubiri na kutembelea wagonjwa, lakini akifika mwisho wa sala alinyamaza, na ninyi mkaitikia. Mama alipombana alijibu, "Mama Mbuke, Amina yangu ndiyo iliyowashusha. Nitaisemaje tena?"

Wapo waliosema mwinjilisti amepoteza imani. Mpo hapa, nawaona. Mtu asiye na imani hapigi magoti kila alfajiri kwa miaka kumi akiuliza swali moja lisilojibiwa.

Januari 2024 chakula kilianza kumkwama kooni. Vipimo jijini Mwanza vilionyesha saratani ya umio. Tuliomba na kufunga. Mimi nilifunga siku saba, na mwishoni mwake Baba alikuwa hawezi kumeza hata uji. Nilimkasirikia Mungu, na leo hii bado nimemkasirikia.

Wiki yake ya mwisho Baba alikuwa na hofu moja tu. Alimwuliza Mama, "Sala isiyo na Amina inafika?" Mama akamjibu, "Ile ya ukweni ulishindwa kuimaliza, nikakumalizia mimi. Haikufika? Si ulinioa?" Baba alicheka mpaka akakohoa. Kama neema ipo, mimi niliiona pale, na sikuiona kwingine.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025, saa moja asubuhi, akiwa nyumbani, alimshika Mama mkono akaomba kwa Kisukuma, "Bwana, sioni ninakokwenda. Nishike." Kisha akanyamaza, kama ilivyokuwa desturi yake. Mama alifungua kinywa aitikie, kilio kikamtangulia. Aliponyamaza, Baba alikuwa ameshaondoka.

Marehemu ameacha mjane, Juliana, mabinti wawili, Mbuke na Loveness, wajukuu sita, na usharika wote wa Runzewe. Amemfuata Benjamini, na leo tunamlaza Baba kando ya kaburi lake.

Baba apumzike kwa amani. Ila ile sala yake ya mwisho haijaitikiwa na mtu hadi sasa. Nimejaribu tangu Jumapili, na mimi imenishinda. Ndugu zangu, kabla hatujamshusha Baba, naomba mwitikie ninyi.